Pedali ya breki ikizama, usikimbilie kutoa hewa

Mke wangu ndiye aliyeanza kuniambia. Alikuwa ametoka kuwachukua watoto chuoni, akasema breki ya gari imekuwa laini, mguu washuka mbali kabla gari halijashika. Nami niliyesomea diploma ya magari nikamjibu jibu ambalo wengi wetu tumewahi kulitoa: kanyaga mara mbili, itashika. Na kweli, ukikanyaga mara mbili ilishika. Tukaendelea hivyo wiki nzima na zaidi, gari likibeba watoto asubuhi na jioni katika msongamano wa Mombasa.

Naandika makala haya kwa sababu jibu langu lilikuwa la hatari. Madereva wengi, na mafundi wasio wachache, huiita kila pedali isiyo ngumu kwa jina moja: "breki imeingia hewa". Kumbe pedali laini ni ugonjwa mmoja, pedali inayozama ni mwingine, na pedali inayoshika chini ni wa tatu. Dawa ya huu haiponyi ule, na wakati mwingine dawa ya huu ndiyo inayouleta ule. Hilo nilifundishwa darasani, nikalisahau, nikaja kukumbushwa na fundi mmoja mzee katika Eneo la Viwanda la Thika.

Nilikuwa nampeleka binti wa ndugu yangu, anayesoma Chuo Kikuu cha Mount Kenya kilichoko mjini humo. Kabla ya safari nikaona bora gari lipite gereji. Fundi kijana akafungua nipeli za magurudumu yote manne, moja baada ya nyingine, na msaidizi wake akapiga pedali mpaka sakafuni mara nyingi sana. Povu kidogo likatoka, nikalipa, nikaenda zangu. Siku mbili baadaye pedali ikarudi ilivyokuwa. Nikarudi gereji, wakatoa hewa tena. Alfajiri tukaondoka.

Mariakani, Voi, Mtito Andei, hapana neno. Katika barabara kuu mtu hakanyagi breki kwa muda mrefu, na hilo ndilo lililonidanganya. Tukaiacha Barabara ya Mombasa, tukashika Eastern Bypass mpaka karibu na Kamakis, Ruiru, ambako magari yalikuwa yamesimama foleni ndefu. Gari langu ni otomatiki, gia iko D, nami nimetuliza mguu juu ya pedali. Sikuongeza nguvu wala sikupunguza. Pedali ikaanza kuondoka chini ya mguu, taratibu, kama mtu anayezama katika tope la mikoko maji yakiwa yametoka. Gari likasogea kuelekea tela la lori lililokuwa mbele yetu. Nikavuta breki ya mkono. Binti aliyekuwa kando yangu hakuona kitu, alikuwa na simu yake.

Hapo ningepaswa kuliegesha gari na kuita la kulikokota. Sikufanya hivyo. Nilikwenda mwendo wa jongoo mpaka Thika, na sisemi haya kwa kujisifu.

Thika si mji mgeni kwa watu wa Pwani. Mananasi ya Del Monte yanayotiwa makopo pale hushuka mpaka bandari ya Kilindini, na anayetoka Garsen na Hola kwa njia ya Garissa, barabara ile humtua Thika. Ndipo kilipo pia kiwanda cha kuunganisha magari cha KVM, kilichoanza mwaka 1974 kwa jina la Leyland Kenya. Kwa hivyo eneo lile la viwanda lina mafundi waliokulia katika malori na mabasi, na mtu aliyezoea breki za gari la tani nyingi hafanyi mzaha na pedali. Nikaelekezwa kwenye kibanda cha mabati, kwa mzee mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi.

Nikamwambia, "Mzee, breki zangu zina hewa."

Akaniuliza, "Imetolewa mara ngapi?"

"Mara mbili."

"Na hiyo hewa iliingilia wapi?"

Sikuwa na jibu. Mfumo wa breki umefungwa. Kuanzia kikopo cha mafuta kilicho chini ya boneti hadi kwenye kalipa za mbele na silinda za dramu za nyuma, hakuna mlango wa hewa. Hewa ikiwamo, basi kuna aliyeiingiza: mafuta yaliachwa yakaisha, au kuna mahali pamefunguliwa, au panavuja. Kutoa hewa bila kujua ilikoingilia ni kama kukamua maji ya mtumbwi bila kutafuta tundu.

Mzee hakuchukua spana. Alifungua mlango, akakaa mahali pa dereva, akauhoji mguu wake mwenyewe. Nitaeleza alichofanya kwa utaratibu wake, maana karibu chote kinaweza kufanywa na dereva yeyote, mwanamume au mwanamke, gari likiwa limesimama mahali tambarare na magurudumu yamewekewa mawe.

Kwanza injini ikiwa imezimwa, alikanyaga pedali mara tano au sita mpaka ikawa ngumu. Hiyo ni kuimaliza nguvu iliyobaki ndani ya busta, lile duara kubwa jeusi linalousaidia mguu. Kisha akashikilia pedali na kuwasha injini. Ilishuka kidogo. Hapa wengi hushtuka na kusema breki imeharibika, lakini hiyo ni dalili ya busta nzima, imepata nguvu na inasaidia. Pedali inapaswa kushuka kidogo na kusimama. Ikiendelea kushuka, ndipo pana neno.

Baada ya hapo alifanya jambo ambalo fundi wa kwanza hakulifanya: alikanyaga kwa wepesi, kama mtu anayesubiri taa za barabarani, akatulia karibu dakika moja. Pedali ikazama. Akaiachia, akaikanyaga kwa nguvu na kwa ghafla. Ikasimama juu, ngumu. Akanitazama juu ya miwani. Ukikanyaga kwa nguvu, shinikizo la mafuta lenyewe hutanua midomo ya zile raba zilizomo ndani ya masta silinda, zikabana ukuta. Ukikanyaga polepole, raba zilizochakaa hazibani, mafuta hupita kandoni na kurudi nyuma. Ndiyo sababu fundi anayeijaribu masta kwa teke moja hukwambia ni nzima, nawe unakuja kuzama kwenye foleni.

Alifungua boneti. Kiwango cha mafuta kilikuwa baina ya alama ya juu na ya chini, na hakikuwa kimeshuka tangu Mombasa. Akapita magurudumu yote manne akitazama upande wa ndani, akapapasa mabomba na hosi, akapeleka kidole nyuma ya masta inapokutana na busta. Kukavu. Hapo nyuma ya masta msomaji asipasahau, kwa kuwa raba ya mwisho ikivuja, mafuta huingia ndani ya busta na hutaona tone chini ya gari. Utaona kikopo kinapungua tu na utabaki kulaumu majini.

Basi hesabu ikawa hivi. Pedali inazama, mafuta hayapungui, hakuna unyevu mahali popote. Mafuta yanapita ndani kwa ndani. Kwenye gari lenye ABS kuna uwezekano mdogo kwamba yanapita katika kifaa chake, lakini mara nyingi zaidi ni masta. Ili kuhakikisha, mzee alifungua mabomba yanayotoka kwenye masta na kuyaziba matundu yake kwa boliti zenye uzi unaolingana, akatoa hewa iliyoingia hapo, akakanyaga. Masta nzima ikizibwa hivyo, pedali huwa kama jiwe na haisogei. Yangu ilizama vilevile, na hapakuwa na gurudumu hata moja lililounganishwa nayo. Ugomvi ukaisha.

Wengine hubana hosi za mpira za magurudumu, kisha huziachia moja moja waone ni ipi inayoirudisha pedali chini. Njia hiyo inafaa kutafuta gurudumu lenye kasoro, lakini ibanwe kwa kibanio laini kilichotengenezewa kazi hiyo. Koleo na hosi iliyozeeka havipatani. Utaondoka na hosi iliyopasuka ndani.

Mzee hakuishia hapo. Alinirudisha kwenye malalamiko ya kwanza, yale ya mke wangu: mguu unashuka mbali, lakini ukikanyaga mara ya pili unashika juu, na ukiushikilia haushuki. Akavuta breki ya mkono mpaka mwisho, akaniambia nikanyage. Pedali ilishika juu zaidi kuliko bila breki ya mkono. Kwenye gari kama langu, disku mbele na dramu nyuma, breki ya mkono huvuta shuu za nyuma na kuzisogeza karibu na dramu. Ikiwa kufanya hivyo kunainua pedali, basi shuu zilikuwa mbali mno. Zimelika na hazijarekebishwa, na kila ukikanyaga, mafuta mengi hutumika kuzisogeza kabla hazijagusa. Kanyago la pili hukuta zimeshasogea.

Kwa hiyo mwanzoni gari langu halikuwa na hewa ya kutajika hata kidogo. Lilihitaji shuu. Na lile povu? Hutoka hata kwenye breki nzima, nipeli ikichelewa kufungwa mguu unapoinuka.

Sasa swali: nani aliiharibu masta? Jawabu lilipatikana mzee alipoifungua ile kuukuu mbele yangu. Ukuta wa ndani, sehemu ya juu, ulikuwa unang'aa. Sehemu ya chini ilikuwa na pete ya kutu na uchafu mweusi. Gari likitembea kwa miaka, pistoni hucheza katika sehemu ile ya juu tu. Huko chini haifiki. Mafuta yenye unyevu hukaa huko na kuula ukuta. Siku anapokuja msaidizi wa fundi akapiga pedali mpaka sakafuni mara thelathini, raba laini zilizozoea mahali laini husukumwa juu ya kutu lile kama kitambaa juu ya msumeno. Raba zangu zilikuwa zimechanika mdomoni. Pedali ilikuwa inashika chini tu wakati naipeleka gereji; ilianza kuzama baada ya kutibiwa.

Simlaumu kijana yule kuliko ninavyojilaumu. Mimi ndiye niliyemwambia "toa hewa" kabla hajauliza. Lakini msomaji, ukienda kutolewa hewa kwenye gari la miaka mingi, weka kipande cha mbao chini ya pedali ili isifike sakafuni. Ni kipande cha mbao tu. Au fundi atumie njia ya kuiachia mafuta yateremke yenyewe, nipeli ikiwa wazi, kikopo kikijazwa kila mara. Inachukua muda, na mafundi wetu hawaipendi kwa sababu hiyo.

Hewa ya kweli nayo ipo, na dalili yake ni tofauti. Pedali huwa kama unakanyaga sponji, haina mwisho unaojulikana. Ukiipiga harakaharaka hupanda na kuwa ngumu, ukiiacha kidogo hurudi laini. Sababu ni kwamba mafuta hayabinyiki na hewa hubinyika. Mguu wako unatumika kuibinya hewa badala ya kusukuma padi. Hosi iliyozeeka inayovimba kama puto nayo hutoa hisia ya namna hiyo. Mwambie mtu akanyage, wewe tazama hosi zote, kuvimba utakuona kwa macho.

Kuna kosa moja la hewa ambalo huwatoa watu jasho siku nzima. Mtu amenunua kalipa za mtumba, zile mbili za mbele, zikafungwa kinyume, ya kulia kushoto na ya kushoto kulia. Zinaingia vizuri kwenye magari mengi. Lakini nipeli iliyopaswa kuwa juu sasa iko chini, na hewa, kama tunavyojua sote tuliopiga mbizi, hupanda juu. Utatoa hewa mpaka Ijumaa ijayo na povu litabaki limejificha kwenye kilele cha kalipa. Kabla ya kumpa fundi shilingi ya tatu, inama utazame nipeli iko wapi.

Na kuna pedali nzuri asubuhi, mbovu baada ya mteremko mrefu, kisha nzuri tena baada ya gari kupoa. Hapo mafuta yamechemka. Hili latuhusu sisi wa Pwani kuliko watu wa Thika, nami nitakaa nalo kidogo.

Tunayaita mafuta ya breki, lakini si mafuta. Aina za DOT 3, DOT 4 na DOT 5.1 ni kimiminika kinachopenda maji. Hunyonya unyevu wa hewa kidogo kidogo kupitia hosi na kifuniko cha kikopo. Katika kiwango kinachotumika kuyapima, DOT 3 mpya haipaswi kuchemka chini ya nyuzi 205 za selsiasi, na DOT 4 mpya chini ya 230. Yakishanyonya maji kiasi cha asilimia 3.7, kiwango hicho hushuka: 140 kwa DOT 3, na 155 kwa DOT 4. Ukishuka Mazeras na mzigo, mguu umeng'ang'ania breki kuanzia juu mpaka chini, joto la padi huhamia kwenye kalipa, maji yaliyomo yanageuka mvuke, na mvuke hubinyika kama hewa. Pedali hukimbia wakati ule ule unaoihitaji. Halafu gari likipoa mvuke hurudi kuwa maji, fundi hakuti kitu, nawe unaambiwa ulikuwa na wasiwasi.

Katika hewa yetu ya bahari, kubadilisha mafuta yote kila baada ya miaka miwili si anasa. Chupa ndogo ya DOT 4 haipiti sana bei ya sahani ya biriani. Chupa iliyofunguliwa na kuwekwa kabatini tangu Ramadhani iliyopita imwage, imeshakunywa unyevu. Na usithubutu kutia oili ya injini au ya usukani kwenye kikopo cha breki, hata kwa kufika nyumbani tu. Raba zote za mfumo hufura, na utabadilisha kila kitu. DOT 5, isiyokuwa 5.1, ni ya silikoni na haichanganywi na hizo nyingine. Kifuniko cha kikopo kimeandikwa aina inayotakiwa.

Chumvi yetu nayo hula mabomba ya chuma yaliyo chini ya gari na hushikamanisha nipeli mpaka zikikatika. Tazama mabomba hayo kila gari linapoinuliwa.

Niliwahi kusikia watu wa kwetu wakisema breki hulegea Bara kwa sababu ya mwinuko. Thika iko juu ya usawa wa bahari kwa kiasi cha mita 1,500, na hewa nyepesi hupunguza kidogo nguvu ya busta. Lakini busta ikipungua nguvu pedali huwa ngumu zaidi. Hailegei. Kwa hivyo mwinuko usingiziwe mengine.

Pedali ikikukimbia barabarani, ipige harakaharaka, huenda ikajenga shinikizo. Shusha gia, na kwa otomatiki ingia 2 au L, ili injini ilizuie gari. Breki ya mkono hutumia waya na haitegemei mafuta; ivute polepole ukiwa umebonyeza kitufe chake, maana ukiivuta kwa ghafla magurudumu ya nyuma yatakwama na gari litageuka. Usizime injini gari likiwa linakwenda, utapoteza busta na usukani utakuwa mzito. Masta za magari ya leo zina pistoni mbili zilizofuatana, kila moja na magurudumu yake mawili, kwa hiyo mara nyingi hata upande mmoja ukipasuka utabakiwa na nusu ya breki, pedali ikiwa chini sana. Nusu hiyo ni ya kukusimamisha kando ya barabara, haikupewa ukamalizie safari.

Mzee alinifungia masta mpya, akakataa katakata ya mtumba: raba zilizokaa rafuni miaka na miaka hazijulikani zina hali gani. Aliijaza na kuitoa hewa mezani kabla ya kuifunga kwenye gari, akaweka shuu mpya nyuma na kuzirekebisha, akamwaga mafuta meusi yote na kutia mapya. Tukalijaribu kuelekea upande wa Blue Post, penye maporomoko ya Chania, yeye akiendesha, mguu mwepesi kila tuliposimama. Kisha akaniambia nitazame kikopo kila asubuhi kwa siku saba, kabla ya kuwasha injini.

Nilirudi peke yangu. Mazeras niliifikia baada ya Isha, malori mbele na malori nyuma, nikashuka kwa gia ya chini. Nilipofika nyumbani mke wangu alitoka kupokea mizigo, nikampa ufunguo, nikamwomba akae mahali pa dereva, akanyage kwa wepesi na ashikilie, nami nikasimama nje nikihesabu mpaka sitini.